Kitabu Kisicho na Mpishi

Mwalimu Milcah alilia kwenye ukurasa wa kumi na mbili. Akalia tena kwenye ukurasa wa arobaini, na kila alipolia alimpigia Jescah simu kumpa habari.

"Umefika pale jirani anakuja na mkeka wake?" aliuliza. "Haki ya Mungu, Jescah, nimelowa. Leso nzima!"

Jescah alijibu kwamba amefika. Kwa kweli alikuwa amefika na kupita, macho makavu kama omena ya sokoni.

Msimcheke Milcah. Ni mwanamke mzuri, ila ana ugonjwa wa walimu waliostaafu: akikuona umenyamaza anadhani hukuelewa swali. Ndiye aliyeanzisha chama cha kusoma pale Amalemba, wanawake saba, Jumapili ya mwisho wa mwezi, sebuleni kwake, chai na mandazi. Sheria ilikuwa moja tu. Ukimaliza kitabu unasimama na kusema kimekufanya nini. Habari za dhamira na mafunzo alikuwa amezifundisha darasani miaka thelathini na minne, zikamtoka puani. Kimekufanya nini wewe, basi. Na mwezi huo alikuwa amechagua riwaya iitwayo Zamu ya Jamvi kwa ajili ya Jescah. Wala hakuficha. Aliitangaza mbele ya wote, mkono begani mwa Jescah, kwa sauti ya mtu anayekabidhi zawadi ya harusi.

Riwaya yenyewe ilihusu kijiji. Mwanamke anafiwa na mwanawe wa pekee, analala chini na kugoma kuamka. Majirani wanatandika jamvi kando yake na kukaa naye kwa zamu, usiku na mchana, mwaka mzima, jamvi lisibaki tupu hata saa moja. Mwishowe anaamka. Ndiyo hadithi nzima, na watu walikuwa wakiiazimana kwa foleni.

Jescah alikuwa amefiwa na Eugene, kitindamimba wao, mwaka mmoja na miezi minne iliyopita. Mama yao alipokufa Eugene alikuwa na miaka mitatu na Jescah kumi na mitano. Ni mgongo wa Jescah uliombeba kisimani, na mshahara wa Jescah uliomsomesha. Kijana akakua, akawa fundi wa umeme, akamwoa Abigail, akajenga kwenye boma la baba yao kule Mukumu. Kisha figo zikamwangusha kwa miezi miwili, naye ana miaka thelathini na mmoja tu.

Tangu siku hiyo Jescah hakuwa amelia. Si kwamba alijizuia. Alikingoja kilio jinsi watu wanavyongoja stima irudi, mwishowe akazoea giza. Alikwenda kazini, ukarani wa shule, akagonga mihuri, akala, akalala. Chai haikuwa na ladha. Akaongeza sukari, ladha haikuja, akainywa hivyo hivyo.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Jescah hakumwona Eugene akizikwa. Alikuwa palepale bomani, hatua hamsini kutoka kaburini, na hakuona. Watu wote walidhani aliona. Kila aliyekutana naye alimwambia, "Mlimzika vizuri," naye akaitikia, "Tunashukuru." Mukumu hakurudi tena hata mara moja. Alituma unga, alituma sukari, alituma visingizio. Aliogopa kwamba akifika kaburini atasimama kama gogo, na Abigail atamwona, na atajua kwamba huyu dada aliyejidai mama hana hata tone moja la kumtolea marehemu. Hofu hiyo ndiyo pekee iliyokuwa hai ndani yake.

Penseli aliichukua kwenye ukurasa wa sitini na tatu. Hapo majirani wanane walikuwa wamekaa kwenye jamvi, mvua inanyesha, na mwandishi akaandika: chakula kililetwa, wakala kimyakimya. Jescah akasoma tena. Kililetwa. Na nani? Watu wanane, mvua, kuni mbichi, nani huyo aliyepuliza moto? Akapiga mstari. Akarudi nyuma mpaka mwanzo kutafuta, akakuta uji uliojileta, viazi vilivyojileta, chai iliyomiminika yenyewe kama mana jangwani. Alipomaliza kitabu alikuwa na mistari thelathini na mmoja, na hakuna mkono hata mmoja ulioshika mwiko.

Ikamwingia hasira. Lo! Ilikuwa mara ya kwanza kuhisi kitu zaidi ya ile hofu tangu mazishi, na kitu chenyewe ni hasira juu ya kitabu. Alijishangaa, lakini aliishika kwa mikono miwili isimponyoke.

Jumapili ikafika. Beverlyne wa saluni, mdogo kuliko wote, ndiye aliyetangulia kusimama. "Hii kitabu imenimaliza," alisema. "Manze, mimi hata majirani zangu siwajui majina. Nikikufa leo watajua juu ya harufu." Wakacheka, wakampigia makofi. Mama Osiako, muuza samaki wakavu ambaye macho yake yamekwisha na husomewa na mjukuu, alisema kimemkumbusha watu, akaketi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wengine wakasema yao. Milcah alisema yake kwa dakika ishirini, leso mkononi.

"Sasa Jescah," alimalizia, akifuta pua. "Tulikuwa tunakungoja wewe."

Jescah akasimama, akakifungua kitabu mahali penye penseli.

"Nani aliyepika?" akauliza.

"Wapi?"

"Humu. Watu wamekaa mwaka mzima na marehemu hajawaachia hoteli. Wanakula kila siku. Nimetafuta mpishi kitabu kizima, hayumo."

Milcah akatabasamu lile tabasamu la kumsaidia mwanafunzi mzito. "Lakini Jescah, hiyo si maana ya kitabu. Mwandishi anaongea juu ya umoja. Jamii."

"Na mimi naongea juu ya jamii. Jamii inakulanga, Mwalimu." Sauti yake haikupanda wala kushuka, alikuwa kama anasoma orodha ya wanafunzi. "Mimi ndiye nilipika kwa mazishi ya Eugene. Mnajua hilo, nyinyi wote mlikula. Cleophas binamu yangu alikuwa mwenyekiti wa kamati, akasema Jescah anajua watu na ana mkono wa hesabu, apewe jiko. Nikapewa ufunguo wa stoo. Watu mia saba. Hakuna aliyeuliza huyu jikoni amefiwa na nani."

Jescah akaona kwamba asipomaliza leo hatamaliza tena.

"Sasa akaja mheshimiwa na watu wake, wamechelewa na wana haraka, wanataka kula kabla ya hotuba. Wakawekwa hema la nyuma. Nikawapelekea obusuma na ingokho, ugali na kuku wetu. Dakika mbili Cleophas ananijia mbio, jasho linamtiririka. Anasema, umetuaibisha, umempa mheshimiwa kuku bila firigisi. Nyinyi mnajua firigisi kwetu."

Walijua, nani asiyejua? Firigisi ni ya mkubwa wa meza. Umpelekee mgeni wa heshima kuku asiye na firigisi, umemwambia mbele za watu kwamba kuna mkubwa mwingine jikoni. Koo zimenuniana miaka kwa kinyama kisichojaza kiganja.

"Kuku walikuwa arobaini kwa sufuria mbili," Jescah akaendelea. "Nikakunja mkono wa nguo, nikaingiza mkono mpaka kwapani katika mchuzi uliopoa, nikaanza kupapasa. Napata shingo, napata maini, firigisi hakuna. Ndipo nikasikia kwaya inaanza ule wimbo wa kushusha jeneza. Nikasema, niipate hii moja nikimbie. Nikaendelea kupapasa. Nikaipata. Nikaiosha, nikaiweka kwa sahani, nikampelekea. Nilipozunguka nyumba nikakuta watu wanapiga udongo kwa majembe. Eugene alikuwa amekwisha kuingia chini, na mimi nilikuwa natafuta firigisi."

Beverlyne akacheka. Kilimtoka tu, kicheko kifupi, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili na macho yakamtoka kwa aibu.

"Cheka," Jescah akamwambia. "Ingekuwa mtu mwingine hata mimi ningecheka."

"Lakini ulikuwa unahudumu," Milcah akasema haraka. "Jescah, hata hiyo ni njia moja ya..."

"Mwalimu, usinipe alama."

Milcah akafunga kinywa. Walioshuhudia wanasema ni mara ya kwanza kinywa kile kufungwa na mtu.

"Siku ya kunyoa nywele kumaliza matanga," Jescah akasema, "nilikuwa narudisha masufuria ya kanisa. Basi, hivyo ndivyo kitabu kilivyonifanya." Akaketi. Alitarajia kuhisi nafuu, kwa maana ndivyo vitabu husema: ukitoa ya moyoni unapumua. Hakuhisi kitu. Aliona mandazi yamebaki matatu, akawaza kwamba yafunikwe inzi wasitue.

Mama Osiako ndiye aliyesema wa kwanza. "Basi wewe hukuzika."

"Sikuzika, Mama."

"Na mtu aliyekosa mazishi hufanya nini huko kwenu?"

Kila mmoja pale alijua jibu. Mtu aliyekosa mazishi, awe alikuwa Mombasa, awe alikuwa Uarabuni, awe alikuwa jela, siku akirudi hapiti nyumbani kwa salamu. Hushuka barabarani akianza kulia, huingia bomani akilia, hampi mtu mkono mpaka afike kaburini na kutupa udongo. Kisha hukalishwa chini akasimuliwa ugonjwa na kifo na mazishi tangu mwanzo, hata kama ni miaka kumi imepita. Bila hivyo hahesabiwi kuwa amekuja.

"Lakini mimi nilikuwepo," Jescah akasema. "Nitaanzaje? Watu waliniona."

"Walikuona sufuriani. Sufuria si kaburi." Mama Osiako akainuka kwa kushikilia kiti. "Umechelewa tu, mwanangu. Aliyechelewa ana njia yake. Jumamosi tunakupeleka. Na usibebe kitu."

"Hata sukari?"

"Hata chumvi!"

Hilo ndilo lililomsumbua Jescah wiki nzima. Mara mbili alijikuta dukani ameshika mfuko wa unga, na mara mbili akaurudisha.

Jumamosi walikuwa wanne: Jescah, Milcah, Beverlyne na Mama Osiako. Waliiacha lami, wakaingia njia ya udongo katikati ya mahindi yaliyofika magotini, na watu walikuwa mashambani wakipalilia. Walipoona paa la boma Mama Osiako akaanza kulia, kilio cha wazee, kirefu, chenye jina la marehemu ndani yake, ingawa alimwona Eugene labda mara mbili maishani. Milcah akapokea, kwa kulia hakuhitaji kuitwa mara mbili. Beverlyne naye akajitahidi. Jescah akatembea katikati yao kimya, mikono mitupu ikining'inia, akiona haya kama mtu aliyekuja harusini bila kualikwa.

Abigail, mjane wa Eugene, alikuwa mbele ya nyumba akichambua mboga. Akasimama, majani yakamwanguka miguuni. Hakusalimu, maana alielewa papo hapo anachokiona, akabaki amejishika kifua. Baba mdogo wao, mzee Phineas, akatoka kivulini akavua kofia.

Kaburi lilikuwa limeota nyasi fupi. Jescah akachota udongo, akautupa. Akangoja. Wenzake walilia nyuma yake mpaka sauti zikachoka, naye akasimama kama gogo, sawasawa na alivyoogopa. Abigail alikuwa anamtazama. Yametimia, Jescah akawaza, sasa amejua. Hata aibu yenyewe ilimfikia kutoka mbali, imepungua nguvu.

Viti vililetwa karibu na kaburi. Abigail akaelekea jikoni kuweka chai, na Jescah, bila kufikiri, akainuka kumfuata. Mama Osiako akamvuta sketi kwa nguvu nusura aanguke.

"Kaa chini!"

"Nimsaidie tu kuwasha..."

"Mgeni wa matanga hapiki. Beverlyne, nenda wewe. Na wewe, Abigail, rudi, tuna kazi na wewe hapa."

Beverlyne akaenda na kucha zake ndefu, na punde moshi ukaanza kutoka jikoni mwingi kuliko chai inavyohitaji. Jescah aliuona, mikono ikamwasha, akaikalia.

Mzee Phineas akauliza swali linaloulizwa wote waliochelewa. "Umetoka wapi, mwanangu, hata ukatukosa siku hiyo?"

"Nilikuwa hapo nyuma, Baba. Jikoni."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Hakucheka, hakusema pole. "Msimulie," akamwambia Abigail.

Abigail akaanza na ugonjwa, jinsi ada inavyotaka, miguu iliyovimba, usiku alioomba maji ya mvua, asubuhi ya Jumanne. Akafika kwenye mazishi. Hapo akasita, akakunja pindo la leso, akalikunjua.

"Walimtoa nyumbani saa nane na nusu," akasema. "Cleophas hakuwepo, alikuwa na wageni. Padri alikuwa na mazishi mengine mbele, akauliza, familia iko yote? Baba huyu akasema, Jescah haonekani, tumngoje." Akalikunja tena pindo. "Mimi nikatazama nyuma ya nyumba nikakuona, mulamwa, wifi yangu. Mkono wako uko ndani ya sufuria. Nikamwambia padri, yuko, anaona kutoka huko, mshusheni. Ni mimi. Nilikuwa nimechoka, nilitaka iishe. Niliogopa ukija utalia mpaka mimi nianguke. Nikadanganya juu ya kaburi. Na ulipoacha kuja hapa nikajua umejua."

Milcah alivuta pumzi kwa sauti. Jescah akamtazama mke wa mdogo wake. Alitafuta hasira, maana hapa ndipo palikuwa mahali pake hasa, akakuta aliimaliza yote kwenye kitabu. Mwaka mzima walikuwa wameogopana bure, mmoja Mukumu na mwingine Amalemba, na katikati yao mifuko ya sukari.

"Sikujua," akasema. "Endelea. Alishuka vizuri?"

"Hapana." Abigail alikuwa analia sasa, lakini alisimulia bila kusimama, maana aliyechelewa lazima aambiwe kila kitu. "Jeneza lilikwama upande wa miguu. Shimo lilikuwa fupi. Waliochimba walipima kwa fimbo ya mtu mwingine. Wakampandisha tena, wakamweka hapa juu, vijana wakaingia kuchonga udongo. Akakaa hapa kwa jua kama dakika kumi. Kumi na tano."

"Hapa?"

"Hapo miguu yako iko."

Jescah akatazama miguu yake. "Dakika kumi na tano alikuwa hapa nje."

"Alikuwa hapa. Alikuwa mrefu sana, mulamwa. Shimo halikumtosha."

Mrefu. Ndiyo, alikuwa mrefu. Kila Januari Jescah alimnunulia suruali ya shule ya kutosha mwaka mzima, na kila Aprili vifundo vya miguu vilikuwa nje, na yeye anamgombeza, wewe mtoto utanimaliza, acha kukua! Naye Eugene anapiga magoti kidogo, anatembea hivyo chumbani kama bata, ili suruali imfike. Jescah aliiona ile suruali. Aliona vifundo vile vyeusi vyenye vumbi, na ubao wa jeneza ukivigonga, na jua, na dakika kumi na tano ambazo kijana alilala hapa nje akingojea shimo lirefushwe, na yeye dada yake hatua hamsini tu kutoka pale.

Nduru ikamtoka. Hakuipanga wala hakuitambua kuwa ni yake mpaka alipojiona ameanguka magotini, vidole ndani ya udongo, anamwita Eugene kwa jina lake la utotoni ambalo hapo hapana mtu mwingine aliyelijua. Alipiga nduru kama mtu aliyepata habari asubuhi hiyo. Abigail akamshika, naye akaanguka vilevile, na hakuna aliyejaribu kuwainua.

Mashambani watu walisikia. Nduru kama ile huja na maiti, kila mtu anajua, basi wakaacha palizi wakaja mbio, wake kwa waume, majembe mkononi, matope miguuni, wakaruka ua. Wakamkuta mzee Phineas amesimama, kofia mkononi.

"Ni nani?" mwanamke wa mbele akauliza, akihema. "Ni nani amekufa?"

Abigail akainua uso. "Ni Eugene," akasema.

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Mwanamke yule akalaza jembe lake chini, akafungua leso kiunoni akaitandika kwenye nyasi, na mmoja mmoja wakaketi.